Usiukimbilie mwerebi uliokufa

Kabla hujashika msumeno kuukata mwerebi, mti wa kandokando ya mito, kwangua gome kwa kisu: ukiona kijani chini yake, mti ungali hai. Mierebi ya Somerset, Uingereza, hukatwa kichwa, yaani matawi yote ya juu, mita 2 hadi 3 kutoka ardhini. Ikikaa miaka mingi bila kupogolewa, matawi huwa mazito hadi yakalipasua shina katikati.

Uliokufa kweli, punguza tu matawi yanayoning'inia njiani. Gogo liache wima. Vigong'ota hulitoboa, popo hujibanza kwenye nyufa, na mabuu ya mbawakawa hutafuna ubao uliooza, ule unaosagika vidoleni kama pumba. Likiangukia mtoni, samaki hujificha chini yake. Karibu na daraja liondoe, litaziba maji. Na angalia: kijiti kibichi cha mwerebi kikichomekwa topeni, kinaota!