Siku moja kwenye maabara ya kompyuta zisizo na diski

Saa 1 asubuhi. Nawasha seva, yaani kompyuta kuu, kwanza, mashine za wanafunzi baadaye. Zile ni maganda tu, diski hazina. Mfumo endeshi wa Ubuntu, programu na insha za kidato cha pili, vyote vimo ndani ya seva moja kwenye kichumba cha nyuma. Mpangilio huu wa mashine nyingi kutegemea seva moja unaitwa LTSP. Kompyuta kuukuu yenye RAM ya MB 512 bado inafaa hapa, maana kazi nzito inafanywa na seva.

Saa 2. Kipindi cha kwanza, nusu ya mashine zimegoma. Kioo kinasema: PXE-E53: No boot filename received. Ujumbe huu naupenda, hauzungushi maneno. Mashine imepewa anwani ya mtandao, ila haikuambiwa ichukue faili gani ili iwake. Basi kuna mwingine anayegawa anwani kwenye mtandao wangu, na anawahi kujibu kabla ya seva.

Nachomoa waya kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao, mmoja baada ya mwingine, mwanafunzi akiwasha upya mashine ya mbele. Nilipotoa wa ofisi ya walimu, ikawaka. Naenda huko, nakuta rauta mpya ya WiFi juu ya kabati, waya umechomekwa tundu la LAN, ambako rauta hugawa anwani zake.

"Shikamoo mwalimu. Hiki kidude kimeletwa lini?"

"Marahaba. Jana, kijana wangu. Tumechoka kununua bando."

Nahamishia waya tundu la WAN, la kupokelea intaneti. Rauta inaendelea kuwapa walimu intaneti, lakini anwani zake haziwezi tena kuvuka kuja maabara.

Saa 5. Kijana wa pembeni kafungua video, na wenzake wanalalamika kwamba kipanya kinasuasua. Video inafunguliwa kwenye seva, halafu picha zinasafiri kwenye waya bila kubanwa. Picha za 800 kwa 600, 25 kwa sekunde, ni takriban megabiti 288 kila sekunde. Waya wake unabeba 100 tu. Anaifunga, shingo upande.

Saa 8 mchana umeme unakatika. UPS, betri ya akiba, inaishika seva kwa muda wa kutosha kuizima taratibu. Wali maharage.

Saa 10 jioni mkuu wa shule ananiita: kuna mfadhili anataka kutuletea kompyuta kumi.

"Mkuu, za wanafunzi zipo. Tumwombe RAM ya seva na swichi ya gigabiti, inayobeba mara kumi ya hii."

"Hivyo havipendezi kwenye picha," anasema, lakini anaandika.