Nilivyosomea udaktari Changsha kwa daftari la safu tatu

Nilipofika Changsha, makao makuu ya jimbo la Hunan kusini mwa China, mwezi Septemba 2013, nilikuwa na barua ya chuo, sweta mbili na imani moja niliyouziwa na wakala wa Dar es Salaam: kwamba masomo yote yangekuwa kwa Kiingereza, na Kichina kingenifaa kwa kununulia mboga tu. Kwa upande wa darasani hakusema uongo. Miaka mitano ya masomo kabla ya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini ilifundishwa kwa Kiingereza, na vipindi vya Kichina vilivyokuwamo katika ratiba wengi wetu, mimi nikiwamo, tuliviona kama vya kupasi na kusahau. Alichoacha kusema wakala ni kwamba mgonjwa hakusajiliwa katika programu ya Kiingereza.

Jambo hilo lilinifikia mwaka wa tatu, tulipoanza kupelekwa wodini. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa babu mwenye presha ya kupanda, nami nilikusudia kumwuliza kama anakula chumvi nyingi. Chumvi kwa Kichina ni «yan» inayopanda sauti kama mtu anayeuliza. «Yan» iliyonyooka juu bila kupanda wala kushuka ni sigara. Yangu ilinyooka. Babu alinijibu kwa fahari kwamba ameacha miaka mitatu iliyopita, nikaandika kwamba mgonjwa haonji chumvi kabisa tangu wakati huo. Daktari bingwa aliyetusimamia aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akamtazama babu, akanitazama mimi, kisha akauliza ni muujiza gani uliomweka hai.

Wenzangu walicheka, nami nilicheka pia, lakini usiku sikulala. Asubuhi nilinunua daftari gumu lenye kurasa 200 na kuchora kila ukurasa safu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya neno kama mgonjwa alivyolitamka, ya pili ya maana yake ya kitabibu kwa Kiingereza, na ya tatu niliiandika «Kiswahili», kwa mazoea tu, maana niliamini hiyo ingejijaza yenyewe.

Maneno ya maumivu ndiyo yaliyonisumbua kuliko yote. Mgonjwa wa Changsha hasemi tu kwamba anaumwa. Atasema «suan», neno lilelile la uchachu wa ndimu au siki, akimaanisha ule uchovu wenye maumivu unaokaa ndani ya misuli kama wa mtu aliyelima kutwa nzima. Atasema «ma», neno linalotumika pia kwa pilipili ya kichina inayotia ulimi ganzi, na hapo daktari huanza kufikiria mishipa ya fahamu au kiharusi. Atasema «zhang», tumbo limejaa na kuvimba kwa ndani, tofauti kabisa na «teng», maumivu yenyewe. Mtu asiyezitenganisha ataandika «maumivu» mara nne na kupoteza uchunguzi wote, kwa kuwa kila moja lilikuwa linamwelekeza mahali pengine.

Chuo kilitutaka tufaulu daraja la nne la mtihani wa Kichina, HSK, kabla ya mwaka wa mazoezi. Daraja hilo wakati huo lilikuwa na maneno 1,200, na alama ya kufaulu ilikuwa 180 kati ya 300. Nilipata 171 mara ya kwanza na 214 mara ya pili, na sitaki kuuponda mtihani ule, kwa sababu ulinifundisha kusoma. Hata hivyo, ulikuwa na tiketi za treni, hali ya hewa na usaili wa kazi, na haukuwa na makohozi wala choo kigumu. Kilichonisaidia zaidi katika maandishi ni kugundua kwamba herufi nyingi za magonjwa hubeba alama moja inayozifunika kwa juu na ubavuni, kama paa la kibanda lililoegemea, na kwamba ini, pafu, figo na ubongo vyote vina alama ileile ya nyama. Baada ya hapo faili la mgonjwa halikunitisha tena kama ukuta. Hata pale nisipoisoma herufi nzima nilijua nimesimama mtaa gani.

Shule yangu ya kweli, hata hivyo, ilikuwa jioni, madaktari walipokwisha kuondoka. Katika wodi za China mgonjwa hukaa na ndugu yake, au na «hugong», mtu anayelipwa ili amwoshe, amlishe na kumgeuza kitandani. Nilianza kwa kuwasaidia kinamama hao kubeba chupa za maji ya moto, kisha nikawa ninaketi nao. Wao ndio walionifundisha kwamba bibi mzee, ambaye kitabu changu kilimwita «nainai», pale huitwa «aijie», na nilipolitumia neno hilo nyuso zilifunguka hata kwa wagonjwa waliokuwa wakikataa kuguswa na mgeni. Wao pia waliniokoa siku bibi mmoja aliponililia kwamba «haizi» wake amepotelea chini ya kitanda. Kwa Kichina cha darasani «haizi» ni mtoto. Nilipiga magoti sakafuni huku moyo ukinidunda, nikapekua kwa tochi ya simu, na nikatoka na ndala moja ya plastiki. Kwa lahaja ya Changsha ndivyo kiatu kinavyotamkwa. Bibi alinishukuru sana.

Kufikia mwaka wa nne niliweza kuchukua historia ya mgonjwa bila mkalimani, lakini nikaanza kuona pengo jingine. Nilikuwa nimeona viharusi vingi na maini yaliyoharibiwa na homa ya ini aina ya B, ila sikuwa nimeona hata mtoto mmoja mwenye malaria. Hilo halikuwa kosa la mtu: mwaka 2017 China haikupata hata mgonjwa mmoja aliyeambukizwa malaria ndani ya nchi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kuwa imeitokomeza. Kwa hiyo likizo ya Julai na Agosti 2017 sikwenda kutembea Beijing kama wenzangu. Nilirudi nyumbani Tanga, nikaomba ruhusa ya kujifunza katika hospitali ya wilaya, na kwa wiki saba nikaandamana na matabibu katika wodi ya watoto, nikitazama malaria kwenye hadubini na kuwaona watoto wenye selimundu.

Nilihitimu mwaka 2019. Taratibu za kurudi zina kuchosha kwake, kuanzia shahada kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu hadi mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, lakini mwenye vyeti kamili na subira huzimaliza. Nilifaulu, nikapangiwa hospitali ya mkoa kuwa daktari mtarajali, na nikaingia wodini nikiwa na utulivu wa mtu aliyerudi kwenye lugha ya mama yake.

Wiki ya pili, usiku wa manane, mama mmoja alimleta mtoto wa miaka mitatu aliyelegea na kuchemka mwili. Nilimwuliza kama mtoto ana kifafa. Akasema hana. Nikauliza kama alipoteza fahamu. Akasema hapana, alikuwa na homa tu. Muuguzi wa zamu, mtu wa makamo, alinigusa kiwiko na kusema kwa sauti ya chini, «Dokta, muulize degedege.» Niliuliza. Mama akainamisha macho, kisha akasema ndiyo, alishtukashtuka mara mbili njiani, na kwamba hakulitaja kwa sababu bibi ya mtoto amemwonya kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Tulikaa naye kidogo tukaeleza, akakubali. Tulipima sukari na malaria, tukamwanzishia sindano ya artesunate, na siku ya tatu mtoto alikuwa anagombea uji.

Nilipotoka zamu asubuhi ile nilikwenda chumbani na kulitoa daftari langu chini ya sanduku. Safu mbili za kwanza zilikuwa zimejaa hadi pembezoni. Ya tatu ilikuwa nyeupe karibu kurasa zote. Nikaandika degedege, na chini yake chango, mshipa, kichomi, tumbo la kunyonga, na kwenye mstari wa «suan» nikakaa muda mrefu nikiwa nimeshika kalamu. Mchana nilimwuliza muuguzi yule watu wa Tanga husemaje misuli inapouma hivyo. «Wengine watakwambia mwili mzima umevunjika,» alisema, «lakini usiandike mfupa.»