Bamba la Baba Mdogo

Baba mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea Gerezani, na chini ya meza yake ya kazi alitunza kipande cha bamba nene la chuma ambacho hakuruhusu kiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ujanani alichomelea mabano ya kubebea reli za samaki kwenye chumba cha kugandishia cha kampuni moja ya mjini. Bano moja likakatika usiku, mzigo ukaanguka. Asubuhi akaambiwa mshono wake mbovu, aondoke, na malipo asahau. Kila aliposimulia alirudia jambo moja: mshono ulibaki mzima, bamba ndilo lililokatika. Nani angemwamini? Kwa joto letu la Dar, bamba la namna ile ukilipiga nyundo linapinda tu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi Mlimani tukafika kwenye jaribio la Charpy. Nikamwomba mhadhiri nimlete. Baba mdogo alikuja na shati lililopigwa pasi, bamba amelizungushia gazeti.

Jaribio hilo lina jina la Mfaransa Georges Charpy, wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kipande cha chuma chenye upana na unene wa milimita 10, urefu milimita 55, kinachongwa katikati mkato wa V wenye kina cha milimita 2. Nyundo nzito inayobembea inaachiwa kutoka juu, inakivunja, kisha inapanda upande wa pili. Ikipanda kidogo, ujue chuma kimemeza nguvu yake nyingi.

Kipande cha kwanza kilipigwa kwa joto la maabara, karibu nyuzi 30. Nyundo ilipita kwa shida. Chuma kilikunjika na kuchanika, kikameza zaidi ya juli 100 za nishati. Cha pili, kilichokatwa kwenye fimbo ileile, kilikuwa kimelazwa ndani ya spiriti iliyopozwa kwa barafu kavu hadi zaidi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Fundi wa maabara alikitoa kwa koleo na kuachia nyundo ndani ya sekunde 5, kabla hakijapata joto. Ulisikika mlio mkavu, nyundo ikapaa juu kabisa. Juli hazikufika 10.

Baba mdogo aliokota nusu zile mbili. Nyuso zake zilikuwa bapa, zinametameta kama chumvi ya mawe. Akazikutanisha, zikaingiana barabara. Hazikupinda popote.

Mhadhiri akamweleza kwamba chuma hupinda kwa sababu tabaka za atomi zake huteleza, na baridi huufanya utelezi huo uwe mgumu, hadi ufa unaona wepesi kukimbia kuliko chuma kuona wepesi kunyumbuka. Shaba na alumini hazina tabia hiyo. Kisha akasimulia habari iliyomfanya baba mdogo avute kiti. Tarehe 16 Januari 1943, kule Portland, Marekani, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia, usiku wa baridi. Meli nyingine za wakati ule wa vita nazo zilipata nyufa. Lawama zikawaangukia wachomeleaji. Constance Tipper, mwanasayansi wa metali wa Cambridge, ndiye aliyeonyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa kinapoteza unyumbufu kwenye baridi ile. Uchomeleaji ulichangia, maana bamba zilizounganishwa kuwa kitu kimoja ziliacha ufa upite bila kizuizi, lakini chanzo hakikuwa mikono ya mafundi peke yake.

"Kwa hiyo na mimi walinionea," alisema baba mdogo.

Mhadhiri aligeuzageuza lile bamba lenye kutu. Hakutaka kumdanganya. "Mzee wangu, ufa umeanzia ukingoni mwa mshono. Kila mshono una ukingo, na ufa hupenda kuanzia hapo. Ila angalia ulivyokata bamba zima, halijavutika hata kidogo. Aliyechagua chuma hiki kwa chumba cha baridi ana la kujibu. Kule kilitakiwa chuma chenye chembe ndogondogo, chenye manganizi ya kutosha, na kwa baridi kali zaidi kinatiwa nikeli."

Baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama akichomelea vipande viwili, mkato ukachongwa katikati ya mshono, mashine ingekubali kuvipima kwenye baridi ileile. Mhadhiri akamwambia avilete Jumatatu.