Njaa Inayokuja Baada ya Kushiba

Tangu nilipothibitishiwa kwamba nina tatizo la sukari kushuka baada ya kula, kurasa za shajara hii zimekuwa na saa nyingi kuliko majina ya vyakula. Huandika saa niliyomaliza kula, saa jasho jembamba lilipoanza kunitoka, saa mikono ilipoanza kutetemeka na saa nilipoweza kufikiri vizuri tena. Saa hizo ndizo zilizonifungulia maana ya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa kinachonisumbua kwa sehemu kubwa ni suala la wakati: mwili wangu hukipokea chakula kwa kuchelewa, kisha huitikia kupita kiasi.

Watu wengi wakisikia kwamba sukari imeshuka hudhani mtu ameshinda na njaa. Mimi nikichelewa kula ninaweza kukaa kwa utulivu kwa muda mrefu, lakini nikila wanga mwingi wa nafaka zilizokobolewa, au nikinywa kitu kitamu tumbo likiwa tupu, basi kati ya saa mbili na saa nne baadaye huja njaa kali isiyolingana kabisa na nilichokula, moyo huenda mbio, na wasiwasi usio na sababu hunijaa kifuani. Kumweleza mtu aliyekuona ukila ukashiba kwamba sasa unatetemeka kwa njaa ni kazi ngumu. Wapo walioniambia kwa upole kwamba nina woga, na siwalaumu, kwa sababu dalili hizo za kwanza huletwa na adrenalini, homoni ileile inayomtoka mtu anapoogopa. Ndiyo mbiu ambayo mwili huipiga sukari inapopungua, ili ini lifungue akiba yake.

Nilipoanza kusoma kuhusu jambo hili, kilichonishangaza zaidi ni udogo wa kiasi kinachohusika. Sukari yote inayozunguka katika damu ya mtu mzima kwa wakati mmoja ni takriban gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Kopo la soda la mililita 330 huwa na takriban gramu 35. Mwili hupokea mzigo huo mara kadhaa kwa siku na kuusambaza bila mwenyewe kuhisi lolote, jambo ambalo sasa naliona kuwa la ajabu kuliko ugonjwa wangu. Katika mwili unaokwenda sawa, kongosho hutoa insulini ya kwanza, homoni inayoiondoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini, ndani ya dakika chache baada ya sukari kuanza kupanda, kisha huendelea kuitoa kidogo kidogo kadiri chakula kinavyosagika. Kwa baadhi yetu ile insulini ya kwanza hudorora, sukari hupanda juu kuliko inavyostahili, na kongosho hujibu baadaye kwa insulini nyingi. Insulini hiyo huendelea kufanya kazi wakati chakula kimeshapungua utumboni, na hapo ndipo sukari huporomoka.

Si wote wenye hali hii waliofika hapa kwa njia moja. Wengine walifanyiwa upasuaji wa tumbo, ule wa kupunguza uzito ukiwamo, na chakula chao hushuka upesi mno katika utumbo mdogo, kikachochea homoni za utumbo kama vile GLP-1 ambazo nazo huisukuma kongosho. Wengine wako njiani kuelekea kisukari cha aina ya pili bila kujua. Na wengine hupimwa kila kitu bila chanzo kuonekana. Mimi sijawahi kufanyiwa upasuaji wowote, na sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula iko katika kiwango cha kawaida. Daktari alieleza kwamba taarifa hiyo ya pili ni muhimu, kwa sababu sukari inayoshuka mtu akiwa amefunga au amelala ni jambo jingine kabisa, linaloweza kutokana na uvimbe wa kongosho au maradhi ya ini au ya tezi, na halipaswi kungojewa.

Nataka kueleza kipimo kwa urefu kidogo, maana ndicho kilichonipa amani. Daktari hakutaka nipewe maji ya glukosi tupu, akieleza kwamba hata baadhi ya watu wenye afya njema hushuka wakinywa kiasi hicho cha sukari bila chakula kingine, hivyo jibu lake huweza kumbandika mtu ugonjwa asiokuwa nao. Nilifunga usiku, asubuhi nikapewa mlo wenye wanga, protini na mafuta, kisha damu ikachukuliwa kila nusu saa kwa muda wa saa tano. Saa ya kwanza sukari ilipanda sana. Katika saa ya nne nilikuwa na kitabu mkononi, nikawa nasoma sentensi moja ambayo kila neno lake nililijua, lakini maneno hayakuungana kuwa maana. Nilirudi mwanzo wa mstari, nikasoma tena, nikaona herufi zikififia pembeni. Muuguzi aliniangalia usoni, akachukua damu kwanza, ndipo akanipa kitu kitamu. Jibu lilikuwa milimoli 2.9 kwa lita, karibu miligramu 52 kwa desilita, na kwa mtu asiye na kisukari kushuka chini ya 55 huhesabiwa kuwa ni kushuka kweli. Baada ya muda mfupi niliisoma ile sentensi, nikaielewa.

Mambo matatu yalikutana pale: dalili, kipimo kilichoonyesha sukari ndogo wakati huohuo wa dalili, na nafuu iliyokuja sukari ilipopandishwa. Utaratibu huo unaitwa kwa jina la Allen Whipple, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeueleza katika miaka ya 1930, na bado ndio msingi wa kuthibitisha. Ninauheshimu sana, kwa sababu katika historia ya ugonjwa huu kumekuwa na kipindi ambacho uchovu wa kila namna, huzuni na kukosa usingizi vilihesabiwa kuwa ni sukari kushuka, hadi mwaka 1973 jumuiya za madaktari wa Marekani zikatoa tamko la pamoja kuonya dhidi ya tabia hiyo. Anayetetemeka huku sukari yake ikiwa ya kawaida anateseka kweli, na anastahili kutafutiwa sababu yake halisi badala ya kupewa jina la ugonjwa wangu.

Nyumbani napima kwa mashine ndogo ya kidole, nikijua kwamba haina uhakika wa maabara, hasa sukari inapokuwa chini. Kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri si jambo la mapambo: ukiwa umetoka kumenya tunda, utomvu uliobaki kwenye ncha ya kidole unaweza kupandisha jibu na kukuficha ukweli wakati unauhitaji zaidi. Natoboa pembeni mwa ncha, ambako maumivu ni madogo, na mkono ukitetemeka nauegemeza mezani.

Sukari ikishuka, nachukua gramu 15 za sukari ya haraka, kwa mfano nusu glasi ya juisi, nangoja dakika 15, napima tena. Ugumu uko hapo katikati, kwani njaa wakati huo hudai zaidi, na ukiisikiliza ukanywa glasi mbili tatu unakuwa umeanzisha upya mzunguko uleule, na saa chache baadaye unarudi ulikotoka. Hali ikitulia nakula kitu kidogo chenye protini. Kwa siku za kawaida nafuata ushauri wa mtaalamu wa lishe: milo midogo ya mara kwa mara, mboga na protini kwanza halafu wanga mwishoni, nafaka zisizokobolewa, na matembezi mafupi baada ya kula ili misuli itumie sehemu ya sukari kabla kongosho haijalazimika kufanya kazi yote. Pombe tumbo likiwa tupu nimeambiwa niiache kabisa, kwa kuwa hulizuia ini kutengeneza sukari. Ipo pia dawa ya akabosi, inayochelewesha kusagwa kwa wanga. Daktari aliitaja lakini akataka tuone kwanza chakula kitatufikisha wapi, nami nimeridhika na uamuzi huo.

Kinachobaki kunisumbua ni uhusiano na kisukari. Kupanda kule kwa saa ya kwanza hakukunifurahisha mimi wala daktari, ndiyo maana nitakuwa napimwa HbA1c kila mwaka, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa takriban miezi 3. Kuna siku nauangalia mlo kwa hofu, na siku hizo naona ni afadhali kuiandika hofu yenyewe kuliko kuila pamoja na chakula.

Wanaoishi nami nimewaelekeza. Wakiniona nimekuwa mkali ghafla au najibu maswali kwa maneno yasiyopangika, wanipe kitu kitamu kwanza, maswali yafuate. Nikiwa sijitambui wasinitie chochote kinywani, wanilaze ubavu na kuita msaada wa hospitali. Na funguo za gari waziondoe mbele yangu hadi nipime tena.