Corne yangu inaachana na waya: nilipofikia mpaka sasa

Kibodi yenyewe ni Corne, ile ya vipande viwili, batani 42 tu, kila mkono na upande wake na mabega yanakaa wazi. Kwenye kuandika sina ugomvi nayo hata kidogo, ugomvi ni waya. Mmoja unaenda kwenye laptop, mwingine una jeki kama ya earphone unaunganisha kushoto na kulia, na huo wa pili ndo mkorofi maana ukiuchomoa umeme ukiwa bado unapita unaweza kupiga shoti ukaua bodi.

Ndani kila upande una Pro Micro, chipu yake ATmega32U4, bluetuthi haina kabisa. Sasa kuna bodi ndogo ya umeme inaitwa nice!nano, imetengenezwa ikae palepale pa Pro Micro, pini zinalingana, ila yenyewe ina chipu ya nRF52840 yenye bluetuthi na sehemu ya kuchajia betri humohumo. Kwa hiyo swichi, diodi na vifuniko vya batani vyote vinabaki, unabadilisha ubongo tu.

Kutoa Pro Micro za zamani ndo kazi iliyonitoa jasho. Zimechomelewa moja kwa moja, pini 24 kila upande, na nikaamua mapema kwamba sizinusuru, nikazikata vipande kwa koleo maana bodi ya kibodi ndo ya thamani, ukilazimisha unang'oa njia za shaba na hapo umekwisha. Halafu pini moja moja: unagusisha risasi mpya ya kuchomelea juu ya ile ya zamani, inayeyuka, unavuta pini na kibano, unafyonza kilichobaki tundu linabaki wazi. Zinakuja vizuri tu mpaka ufike pini ya graundi. Hiyo imeshikana na shaba pana ya bodi nzima, inakunywa joto lote, unaweka pasi ya kuchomelea unasubiri na risasi inabaki tonge la kijivu linakuangalia. Kilichosaidia ni kuacha ncha nyembamba kama sindano nikaweka ile bapa, flaksi ya kutosha (ile dawa ya kusaidia risasi itiririke), na subira.

Safari hii sichomelei tena moja kwa moja. Nimeweka soketi kwenye bodi, na pini za nice!nano nimetengeneza kwa miguu ya diodi 1N4148 iliyokatwa, inaingia freshi kabisa na kesho nikitaka kubadilisha nachomoa tu.

Betri sasa. Nimechukua 301230, hizo namba ndo vipimo vyake, unene milimita 3, upana 12, urefu 30, inajificha chini ya nice!nano huioni. Ujazo ni mAh 110 tu, ndo maana ile sehemu ya nice!nano ya kuongeza chaji kutoka mA 100 kwenda 500 sijaigusa na wewe usiiguse, betri ndogo hivyo utaivimbisha. Na kabla ya kuchomelea pima na mita, usiamini rangi za waya, moja ya zilizonifikia nyekundu ndo ilikuwa hasi.

Programu ya kuendesha kibodi yenyewe ni ZMK, sio QMK niliyoizoea, maana QMK hii chipu haiiendeshi. Unaandika mpangilio wa batani zako, unaupandisha GitHub, inakutengenezea mafaili mawili, la kushoto na la kulia. Ukibonyeza riseti mara mbili harakaharaka nice!nano inatokea kama flashi, unaburuta faili unaachia, basi. Pande mbili zilikataa kuonana mwanzoni, dawa yake ni kuweka kwanza lile faili la settings_reset (la kufuta kumbukumbu za kuungana) kote kushoto na kulia, urudishie kila upande faili lake, halafu uzibonyeze riseti kwa pamoja.

Kilichonibadilisha mawazo ni kwamba waya wenyewe kuutoa ni kazi ndogo, kazi ni umeme. Zile taa za rangi chini ya batani zinakula hata ukizizima, kila moja inaramba kidogo kidogo, kwa betri ya mAh 110 huo ni wizi. Nimezitoa kabisa, kioo cha OLED nacho nimekichomoa japo kilikuwa kinapendeza, nikawasha na usingizi, ukiiacha dakika 15 inalala na ukigusa batani inaamka baada ya kama kupepesa macho hivi. Upande wa kushoto unaisha chaji mapema kuliko wa kulia, ni kawaida, wenyewe ndo unaongea na laptop na huku unasikiliza mwenzake. Na ukiuchomeka USB unaandika kama kawaida huku kulia bado hewani, inafaa ukitaka kuingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka kabisa) ambako bluetuthi haifanyi kazi.

Bado swichi ya kuzimia upande wa kulia, ya kushoto nimeshaweka. Na kasha nalo linabidi lichongwe upya kidogo pembeni, swichi imetokeza inakwaruza meza.