Siku moja maishani mwangu: mashine mbili, waya mmoja

Saa 2:10 asubuhi. Sijaketi, simu ya mezani inalia. Ni kijana wa programu, ghorofa ya juu. "Kaka, intaneti imekata kwangu tu." Hilo "kwangu tu" limeshanipa nusu ya jibu.

Saa 2:25. Naingia kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi. Poti yake, yaani tundu la waya wake, imezimwa. Sheria yetu ni anwani moja ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) kwa kila poti, na hapa zimetokea mbili. Ya kwanza ni ya laptopu ya ofisi. Ya pili inaanza na 08:00:27, yaani VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe: kompyuta ndani ya kompyuta. (Programu nyingine za aina hiyo nazo zina mwanzo wao: 52:54:00 ni KVM, 00:15:5D ni Hyper-V. Sikukaa kuzikariri, zimeniingia tu kwa kuziona kila siku.)

Saa 3:00. Napanda juu. Ameweka mashine pepe kwa hali ya daraja, na hapo mtandao unaiona kama kompyuta nyingine kamili iliyochomekwa ukutani, yenye MAC yake na inayojiombea IP yake, anwani ya kuwasiliania mtandaoni. Tunahamia hali nyingine, NAT. Sasa mashine pepe ina 10.0.2.15, anwani inayoishia ndani ya laptopu yake, na kila kinachotoka kinatoka kwa jina la laptopu. Nafungua poti.

"Kwa hiyo kwenye NAT hamnioni?" Ameuliza haraka mno.

Namwambia ngoja nikuonyeshe. Kwa ridhaa yake naelekeza nakala ya trafiki (data inayopita) ya poti yake kwenye mashine yangu, nawasha Wireshark, programu ya kuisoma, namwambia afungue tovuti yoyote ndani ya mashine pepe. Anaandika herufi mbili, kivinjari kinamalizia chenyewe, naye anabonyeza kabla hajafikiri. Kwangu linatokea ombi la DNS, yaani kompyuta ikiuliza anwani ya tovuti, jina la tovuti likiwa wazi kabisa. Kisha salamu ya kwanza ya TLS, kufuli linaloficha mazungumzo na tovuti, jina lilelile tena. Baada ya hapo ni vurugu ya herufi: ukurasa gani, ameandika nini, sioni.

Jina lilikuwa la tovuti ya matangazo ya kazi. Niligeuka nikaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Na nikiweka VPN humo ndani?" Hiyo ni njia iliyofichwa inayopitisha kila kitu kwa seva moja. Nitaona seva moja tu, saa ulizoiongelesha na uzito wa data. Ila programu ya ulinzi iliyo kwenye laptopu bado inajua kwamba VirtualBox inaendeshwa. Laptopu ni ya ofisi, mdogo wangu. Mashine pepe imelala tumboni mwake.

Saa 5:30. Bosi kasikia. "Alikuwa anafanya nini humo?" Nampa nilichotumwa kutafuta: poti, anwani mbili, imerekebishwa. Anataka orodha ya tovuti za kila mwenye mashine pepe. Namwomba aandike barua, na sera iseme kwanza nani atazisoma na zitakaa muda gani. Kuweza kuona si ruhusa ya kuchungulia. Anasema atafikiria, na kwa kawaida hapo ndipo mambo huishia.

Saa 8:15 mchana. Dada wa majaribio ya programu analalamika: ndani ya mashine pepe kila tovuti inatoa onyo la cheti (kitambulisho cha kidijitali cha tovuti), nje yake shwari. Wao trafiki yao hupitia proksi, seva ya katikati inayofungua TLS, kukagua, kisha kuifunga upya kwa cheti chetu. Laptopu imefundishwa kukiamini cheti hicho, mashine pepe haijafundishwa. "Kwa hiyo imeharibika?" Hapana, dada. Hiyo ndiyo inayosema kweli: kuna mtu katikati, na mtu huyo ni sisi. Uso wake ulibadilika. Ilipaswa aambiwe siku anakabidhiwa laptopu.

Saa 9 hadi 11. Printa. Tuyaache.

Saa 11:20 jioni. Kabla ya kuzima nafuta faili la trafiki niliyonasa asubuhi, kisha nampigia kijana.

"Uliona, kaka?"

"Niliona jina moja."

Kimya. Nikamuuliza kama huko wanatafuta na mtu wa mitandao.