Nagombea kiti cha bodi, sababu zangu hizi hapa

Jamani, jina langu limeshaingia kwenye orodha ya wagombea wa bodi ya chama chetu cha wanasayansi wa chakula na wengi mnaniuliza kwani kazi ya maabara haitoshi? Inatosha, naipenda sana, ila kuna mambo maabara haiwezi kuyamaliza.

Mfano mtu mwenye kiwanda kidogo cha kusindika mboga za makopo. Sisi tunajua pH (kipimo cha uchachu) ikizidi 4.6, yaani chakula hakina uchachu wa kutosha, bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, anaweza kukua ndani ya kopo lililozibwa na kutoa sumu, na mbegu zake haziuawi na maji ya kuchemka tu, unahitaji presha mpaka joto lifike kama nyuzi 121 za Selsiasi hivi. Sasa elimu hiyo tunaifungia kwenye semina ambazo ada yake huyo mtu hawezi kulipa! Hapo ndo roho inaniuma kabisa.

Na bodi ndo inayopitisha bajeti na ada, kwa hiyo nikipata kiti ntasukuma mafunzo ya bei nafuu, na vijana waingie kwenye kamati wapige kura sio kuandika kumbukumbu za vikao tu. Pia ntaweka wazi kampuni zote zilizowahi kunilipa, maana viwanda vinafadhili vyama vyetu na watu wana haki ya kujua tunamsemea nani.

Kura bado, someni sera za wagombea wote, halafu niulizeni maswali magumu, ntajibu yote.